Anza na jina la mpiga besi

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Morogoro, ukauliza kama kuna mtu anayeweza kuendesha maisha kwa kusikiliza jazi na kuiandika, jibu ni kwamba wapo. Umesema nyumbani wanakwambia hiyo si kazi, ni starehe. Ni kazi, tena inayotaka uvumilivu, na ndiyo maana nimekupa nafasi yote ya leo badala ya mistari miwili. Nanyi wengine mnaopenda muziki, sogeeni.

Nianze na mzee mmoja aliyeifanya kazi hiyo karibu maisha yake yote. Dan Morgenstern alifariki Septemba 2024 akiwa na miaka 94. Alizaliwa Munich, akakulia Vienna, baba akiwa mwandishi Myahudi na mama mwenye asili ya Denmark. Hitler alipoitwaa Austria mwaka 1938, mama alikimbia na mtoto wake hadi Copenhagen, na mwaka huohuo akampeleka kumsikiliza Fats Waller, mpiga piano wa Harlem, New York, aliyekuwa ziarani Ulaya. Mwaka 1943 ikabidi wakimbie tena, safari hii kwenda Sweden, maana Wanazi walianza kuwakamata Wayahudi wa Denmark. Vita ilipokwisha, mwaka 1947, kijana akavuka bahari kumfuata baba yake New York.

Hapa ndipo nataka utulie. Alipofika New York hakuanza kuandika, alianza kusikiliza. Alikwenda Mtaa wa 52, ambao enzi hizo ulikuwa na kumbi ndogo za jazi mlango kwa mlango. Akazoeana na wanamuziki, akiwemo mpiga tarumbeta Hot Lips Page. Akaenda jeshini, akarudi, akasoma Chuo Kikuu cha Brandeis na kuhariri gazeti la wanafunzi, akafanya kazi za chini kwenye magazeti. Makala zake za jazi zilianza kutoka mwaka 1958, katika jarida la Uingereza liitwalo Jazz Journal. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka kumi ya kusikiliza kabla ya kuanza kuwaeleza watu. Sikwambii usubiri muda wote huo. Ninachosema ni kwamba ukurasa wa mtandaoni unaweza kuufungua jioni hii hii, lakini sikio halikomai kwa jioni moja, na wasomaji humgundua haraka mwandishi asiye na sikio.

Baadaye alihariri Metronome, jarida lililofungwa mwaka 1961 yeye akiwa ndiye mhariri wake. Akahamia jingine lililoitwa Jazz, kisha Down Beat, ambako alikuwa mhariri mkuu kuanzia 1967 hadi 1973. Majarida ya muziki hufa, mdogo wangu. Yalikufa wakati ule na yanakufa sasa, kwa hiyo usifunge ndoa na gazeti.

Kinachonivutia zaidi kwake ni kwamba hakupenda kuitwa mkosoaji. Alijiona mtetezi wa muziki na wa watu wanaoupiga. Usinielewe vibaya, mtetezi si chawa. Chawa humsifia aliyempa hela leo, kesho akahamia kwa mwingine. Mtetezi hukaa na muziki mpaka auelewe, halafu akakuonyesha wewe usiyeuzoea uzuri wake uko wapi. Na asipouona anasema hivyo kwa adabu, akikumbuka kuwa yule aliye jukwaani amekesha miaka kujifunza chombo chake. Kumponda mtu kwa maneno makali ni rahisi na kunaleta wasomaji wengi kwa siku mbili. Sitaki uanzie huko.

Kuna aina moja ya uandishi aliyoimudu kuliko wengi, nayo ni maelezo yanayochapwa kwenye jalada la santuri. Alipata tuzo nane za Grammy kwa maelezo hayo tu. Chukua santuri ya God Is in the House, ya mpiga piano Art Tatum, iliyotoka mwaka 1973. Tatum alikuwa karibu kipofu kabisa. Mwaka 1940 na 1941, Jerry Newman, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alikuwa akibeba mashine inayochonga sauti moja kwa moja kwenye sahani na kuingia nayo katika vilabu vya Harlem usiku wa manane, saa ambazo wanamuziki walikusanyika wakishamaliza kazi zao za kulipwa. Humo unamsikia Tatum amejiachia mbele ya wenzake, watu wanaongea pembeni, na kuna mahali anaimba bluzi kwa sauti yake mwenyewe. Hata jina la santuri lina kisa chake: inasimuliwa kwamba Fats Waller, yuleyule wa Copenhagen, alimwona Tatum akiingia ukumbini akawatangazia watu kuwa Mungu yumo humo ndani.

Zaidi ya miaka 30 baada ya rekodi zile kuchongwa, Morgenstern akaandika maelezo ya santuri hiyo na kupata Grammy. Fikiria kazi iliyokuwa mezani kwake. Msikilizaji anasikia piano na kelele za watu. Mwandishi ndiye amwambie ni ukumbi gani, mwaka gani, nani mwingine anapiga, na kwa nini Tatum wa humu si yule wa studio. Hayo hayatoki kichwani. Yanatoka kwa kuuliza waliokuwepo, kulinganisha majibu yao na kukubali kuandika kidogo pale ushahidi unapokuwa kidogo.

Sasa tuongee pesa, maana najua ndilo swali la mama yako. Kuanzia 1976 hadi 2012 Morgenstern alikuwa mtu wa mshahara. Aliongoza taasisi ya masomo ya jazi katika Chuo Kikuu cha Rutgers, mjini Newark. Taasisi yenyewe ilianzishwa mwaka 1952 na Marshall Stearns, mwalimu wa chuo aliyekuwa analipwa kufundisha fasihi ya Kiingereza ya Zama za Kati, huku makusanyo yake ya jazi yakijaa nyumbani kwake Greenwich Village. Umeona? Mmoja wa wanahistoria wakubwa wa jazi alikuwa akila mshahara wa kitu kingine kabisa. Leo hii pale Newark kuna rekodi zaidi ya laki moja, pamoja na nyaraka za watu kama Mary Lou Williams, mpiga piano na mtunzi: barua, picha, noti za nyimbo zake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Morgenstern alikaa na daftari hilo miaka 36.

Kwa hiyo ukiwa na kazi, usiiache. Fundisha, kaa maktaba, hariri habari za kilimo ikibidi. Makala ya muziki peke yake hailipi kodi ya nyumba, na mwandishi mwenye njaa ndiye anayenunulika kwa bei rahisi. Utaitwa kwenye uzinduzi wa albamu na mwishoni utapewa bahasha wanayoiita nauli. Ukiizoea, ndani ya mwaka mmoja hutaweza kuandika sentensi moja ya kweli kuhusu mtu yeyote aliyekupa. Watakwambia kila mtu anachukua. Wewe rudisha, kwa upole, bila kumhubiria mtu.

Wasichana mnaosoma hapa, nina mtu wenu. Val Wilmer, mzaliwa wa Uingereza wa mwaka 1941, alikuwa bado binti wa shule alipoanza kuwaandikia barua wanamuziki wa Marekani kuwauliza habari zao. Walimjibu. Mwaka 1959, kabla hajatimiza miaka 18, Jazz Journal ilichapisha makala yake kuhusu Jesse Fuller, mwanamuziki aliyekuwa akipiga vyombo kadhaa kwa wakati mmoja, hata kwa miguu. Baadaye akajifunza kupiga picha, na picha zake zikawa sehemu ya historia. Mwaka 1977 alitoa kitabu As Serious As Your Life, kuhusu wanamuziki Weusi waliokuwa wakiipa jazi sura mpya. Kilichonifanya nimpende ni kwamba ndani ya kitabu hicho aliwatafuta na wanawake, wakiwemo wake waliofanya kazi na kulipa kodi ya nyumba ili waume zao wapate kufanya mazoezi. Waandishi wengi wa kiume walikuwa wakikaa na mwanamuziki sebuleni bila kumwona aliyeleta chai. Wilmer aliingia jikoni akamhoji. Ninyi nanyi mtaingia mahali ambako kaka zenu hawafiki, basi tumieni nafasi hiyo.

Na usidhani jazi ya Marekani ni ya mbali sana na sisi. Novemba 1960, mpiga piano Randy Weston alirekodi New York kazi kubwa aliyoiita Uhuru Afrika. Maneno ya ufunguzi yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na aliyeyatia Kiswahili na kuyasema ni Mtanganyika aliyekuwa New York, Tuntemeke Sanga. Mpangaji wa muziki alikuwa mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini ikaipiga marufuku. Wengi hapa nyumbani wanaomkumbuka Sanga wanamkumbuka kwa siasa. Wangapi wanajua kwamba sauti yake imo katika moja ya santuri kubwa za jazi? Hiyo ni makala inayongoja mwandishi, na mwandishi huyo anafaa awe mtu anayekisikia Kiswahili chake vizuri.

Tukiwa na santuri hiyo hiyo, tazama orodha ya wapigaji. Ina wapiga besi wawili, George Duvivier na kijana wa miaka 23, Ron Carter. Mwaka 1960 Carter hakuwa jina la kumfanya mtu anunue santuri. Miaka mitatu baadaye alikuwa katika bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis, na leo anahesabiwa miongoni mwa wapiga besi waliorekodi mara nyingi zaidi duniani. Tunaweza kumfuata tangu ujana wake kwa sababu mtu alijali kuandika jina lake alipokuwa bado mmoja tu kati ya wengi.

Sasa rudi kwako, Morogoro. Jina la mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe kila mtu analijua, na wengi wanakumbuka alivyofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Lakini waulize mashabiki wake nani alipiga besi katika nyimbo wanazozipenda, nani rithimu, nani alipuliza saksafoni, uone wanavyonyamaza. Bendi zetu za jazi, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz na nyingine nyingi, zilikuwa na watu wengi kuliko majina tunayoyataja redioni. Hao ndio kazi yako ya kwanza. Anza na mpiga besi.

Mtafute mzee mmoja, mmoja tu, aliyepiga kwenye bendi. Nenda na mtu anayemfahamu. Usiende siku ya kwanza na kamera. Nenda ukamsalimie, ukae, unywe chai. Siku ya pili omba kurekodi, na useme wazi rekodi itatumika wapi. Akikataa jambo fulani lisitoke, lisitoke. Kama hujapata pa kuchapisha, mwambie ukweli, usimwahidi kwamba atatoka gazetini.

Akikutolea picha za zamani, usiondoke nazo hata akikuruhusu. Zipige kwa simu palepale mezani, karibu na dirisha lenye mwanga, mbele na nyuma, maana nyuma huwa kuna tarehe au muhuri wa studio. Kisha mwombe azitaje sura moja moja kutoka kushoto: jina kamili, jina la utani, chombo, kwao wapi. Andika hayo kabla hujalala. Rekodi iweke mahali pawili tofauti, na faili lipewe jina la mtu na tarehe, siyo "sauti mpya 14".

Nawe mtarajie asahau miaka. Mzee atakwambia 1968 kumbe ni 1971, na hakudanganyi. Muulize yaliyokuwa yakitokea: ilikuwa kabla au baada ya Azimio la Arusha, mtoto wake wa kwanza alikuwa amezaliwa, bendi ilikuwa na gari gani? Halafu tafuta mzee wa pili aliyekuwepo na umuulize mambo yaleyale bila kumwambia mwenzake alisema nini.

Umeniuliza pia kama lazima usome chuo. Ukipata nafasi, soma historia au utunzaji wa nyaraka, na ukiweza pitia chuo cha sanaa cha TaSUBa pale Bagamoyo ujifunze chombo kimoja, hata kama hutakaa upige mbele ya watu; utakapomuuliza mpiga gitaa habari ya vidole vyake utajua unauliza nini. Lakini mzee wako wa kwanza usimngojeshe mpaka umalize chuo. Mwulize gitaa lake la kwanza alilipata wapi, lilikuwa na nyuzi ngapi nzima, na nani alimwonyesha pa kuweka vidole. Akishakujibu, niandikie tena.