SOMO LA 14: DEGEDEGE

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba ubongo huamuru misuli kwa njia ya mishipa ya fahamu. Amri hizo husafiri kama umeme hafifu sana. Ukitaka kuinua kalamu, ubongo huamuru, nao mkono hutii. Je, huwaje ubongo ukitoa amri nyingi kwa pamoja bila mpango?

Misuli hukakamaa, kisha hutikisika. Macho hugeuka juu, meno huumana, na mtoto hupoteza fahamu. Hasikii hata akiitwa. Hali hiyo ni degedege. Wazee wa sehemu nyingine walidhani huletwa na dege, yaani ndege mkubwa, ambaye kivuli chake humwangukia mtoto usiku wa mbalamwezi. Sivyo. Chanzo kimo mwilini mwa mtoto.

Degedege si jambo la nadra. Katika nchi nyingi, kati ya watoto 100, watoto 2 hadi 5 hupatwa na degedege la homa wakiwa na umri wa miezi 6 hadi miaka 5. Katika umri huo ubongo haujakomaa, nao hushtuka upesi joto la mwili linapopanda. Degedege hilo kwa kawaida hukoma kabla ya dakika 5, wala haliharibu ubongo.

Lakini zipo sababu za hatari zaidi. Vimelea vya malaria vyaweza kuziba mishipa midogo ya damu ubongoni. Ugonjwa wa uti wa mgongo na upungufu wa sukari katika damu pia huleta degedege. Kwa kumtazama tu mtoto huwezi kujua sababu ni ipi. Ni lazima apimwe zahanati siku ile ile. Mganga wa kienyeji hana kifaa cha kupima damu.

Mdogo wako akishikwa na degedege, mwite mtu mzima upesi. Mlaze mtoto kwa ubavu, mbali na moto na vitu vigumu. Usimtie kijiko wala kidole kinywani. Usimnyweshe chochote mpaka azinduke.

Mtu anayepatwa na hali hii mara kwa mara, bila homa, huenda ana kifafa. Kifafa hakiambukizi. Povu limtokalo mgonjwa ni mate ambayo hakuweza kuyameza. Wako wagonjwa walioangukia motoni wakaungua vibaya, kwa kuwa waliokuwa karibu waliogopa kuligusa povu hilo. Kifafa kina dawa, na wengi wanaozimeza kila siku husoma na kufanya kazi kama wenzao.

Maswali
1. Kwa nini degedege la homa huwapata watoto wadogo kuliko watu wazima?
2. Shule ina wanafunzi 400. Yamkini wangapi kati yao walipata degedege la homa walipokuwa wadogo?
3. Jirani akataa kumgusa mtoto mwenye kifafa aliyeanguka karibu na jiko. Utamweleza nini?