Kusoma Sheria, Kuimba Kwaya na Bahasha ya Mama Mjane



Sisi vijana wa Karatu na Ngorongoro tunaosoma sheria huulizwa mara nyingi: muda wa kwaya, jumuiya na TMCS mnautoa wapi? Swali ni la haki. Masomo haya hula usiku. Hukumu moja inaweza kuwa na kurasa hamsini, na nyingi bado ni za Kiingereza, ingawa tangu 2021 Kiswahili kimetamkwa kuwa lugha ya sheria na mahakama. Na chuoni, anayeweza kusema mbele za watu huchaguliwa katibu wa kila kitu.

Kwetu jibu halikuanzia kwenye ratiba. Lilianzia kwenye lango la Lodoare. Wageni hupaona kama mahali pa kulipia kabla ya kupanda kwenda kreta. Kumbe hapo sheria inabadilika. Chini ya lango, ardhi ya vijiji vya Karatu husimamiwa na halmashauri za vijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Juu yake ni hifadhi iliyotenganishwa na Serengeti mwaka 1959 na yenye sheria yake, ambako wafugaji waliruhusiwa kuishi na mifugo, lakini kilimo kikapigwa marufuku mwaka 1975. Hata Kanisa lina mpaka wake: Karatu ni Jimbo la Mbulu, Endulen ni Jimbo Kuu la Arusha.

Basi wakati wa likizo, Misa ikiisha, mama mjane hutusubiri nje na bahasha. “Mwanangu, wewe si unasoma sheria? Nisomee hii.” Mashemeji wanataka shamba.

Jibu rahisi ni kwamba sheria ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Ni kweli, ila halitoshi. Tamko la Sheria za Mila la 1963 halimpi mjane fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Linamtegemeza kwa watoto wake. Aliyekosa vipindi vya mirathi kwa sababu ya mazoezi ya kwaya atampa mama huyu tumaini lisilo na miguu. Lakini anayejifungia maktabani mwaka mzima naye hafuatwi na mtu yeyote mwenye bahasha. Ndiyo maana hatuhesabu tena saa za kusoma kama saa zilizoibwa kutoka kwenye utumishi.

Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, ambaye mafrateri mnamjua kwa maadili, alipata udaktari wa sheria akiwa na miaka 16. Alipokuwa wakili Napoli alikuwa akiwahudumia wagonjwa hospitalini, kabla hajaiacha mahakama mwaka 1723. Hakungoja upadre ndipo aanze kutumikia.

Mpaka wetu tunaujua. Sheria ya Mawakili hairuhusu mwanafunzi kujifanya wakili. Tunasoma barua, tunaeleza, tunaandika tarehe, kisha tunamwelekeza mama kwa watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya 2017. Tunamweleza pia kwamba tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, haliamui. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Chuoni tumekubaliana: wadhifa mmoja kwa mtu mmoja, na wiki za mitihani katibu anaachia daftari. Wengine hununa. Wanune tu.

Nanyi mafrateri mtakaotumwa huku, bahasha hizo zitawafikia kabla yetu. Kabla hamjajibu lolote, mwulizeni mama: shamba liko upande gani wa lango?