Kapelo ngumu: ifunge hivi kabla hujabonyeza mashine

Leo naongea na wale tunaodarizi nembo kwenye kapelo na kuuza mtandaoni. Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti: "Dada, kwa nini tisheti zinatoka safi ila kapelo nembo inalala upande?" Nalijua hilo swali. Lilinila 45,500.

Niko Kyela mjini. Mwaka jana nilipata oda ya kapelo 40 za kikundi cha bodaboda kutoka upande wa Ipinda, bluu nzito, nembo mbele, zinatakiwa Jumamosi. Nikaagiza kapelo Kariakoo zikaja na basi, kila moja 6,500 mpaka inanifikia. Kwenye picha zilikuwa kapelo tu. Zilipofika nikakuta ni zile ngumu, zinasimama zenyewe mezani kama bakuli. Nilikuwa nimezoea zile laini. Nikazifunga kama laini, nikaharibu saba. Moja nembo ilipinda, nyingine duara likawa yai, mbili sindano ilivunjikia kwenye mshono wa katikati ikatoboa tundu. Zilizobaki sitaki hata kuzieleza.

Sasa, ugumu unatoka wapi. Sehemu ya mbele ya kapelo ngumu ina kitambaa kigumu cha ndani, sisi mafundi tunakiita kanvasi. Ndicho kinachoisimamisha. Viwandani mara nyingi wanadarizi vile vipande vya mbele vikiwa bado bapa, ndipo wanaunganisha kapelo. Hata kofia zetu za viua za Pwani, mshonaji anashona kipande cha juu na cha pembeni mbalimbali, halafu anaviunganisha. Wewe na mimi tunapewa kapelo iliyokwisha kushonwa, ina umbo la duara, ina mdomo, halafu tunataka mashine iione kama kitambaa bapa. Hiyo ndiyo vita yenyewe.

Kama kapelo haijagusa vizuri bamba lililo chini ya sindano, sindano ikishuka inaisukuma chini, ikipanda inaivuta juu. Kapelo inadunda. Ikidunda uzi unakatika, chini unajikusanya kama kiota cha ndege, na mstari wa pembeni wa nembo unakwenda kwingine kabisa. Ukisikia mashine inapiga "ta ta ta" kwa sauti kavu, simamisha. Usijipe moyo kwamba itakaa sawa mbele ya safari. Mimi nilijipa moyo mara saba.

Kabla ya kufunga, toa karatasi au plastiki yote iliyowekwa ndani kulinda umbo. Geuza mkanda wa jasho wote utoke nje, mzunguko mzima. Halafu lainisha mbele kwa mvuke wa pasi kutokea ndani, sekunde chache tu, usiikandamize pasi maana kapelo nyingi ni poliesta, zinang'aa au kuyeyuka. Kanvasi ikipata joto inakubali kukunjika, ikipoa inarudia ugumu wake. Kwa hiyo lainisha moja, funga moja. Ukilainisha kumi kwa pamoja, ya tano ukiifikia imeshakuwa bakuli tena.

Mshono wa katikati kwenye kapelo ya pande sita nao una kimo. Naweka kapelo juu ya kipande cha mbao na kuugonga mshono na nyundo ndogo, taratibu, mpaka ulale. Majirani walidhani nimeanza useremala. Kama mteja hajachagua aina, mpendekezee kapelo ya pande tano, ile haina mshono mbele, utaokoa sindano zako.

Kufunga sasa. Fremu ya kapelo naiweka kwenye kile kishikio chake cha mezani, kimekazwa vizuri, maana kishikio kikicheza na kapelo itacheza. Naanza na karatasi ya kudarizia, ile nzito ya kuchana, nakata kama sentimita 10 kwa 30 ili ifike pande zote mbili. Watu wanaweka kipande kidogo nyuma ya nembo tu ili kubana matumizi, halafu kinaponyoka katikati ya kazi. Karatasi ishikwe na fremu yenyewe.

Ingiza kapelo, mkanda wa jasho upite chini ya kile kiulimi cha fremu, mshono wa katikati ukae juu ya alama ya katikati. Angalia kwa kuinama usawa wa macho. Ukiangalia kutoka juu jicho linakudanganya. Kisha leta mkanda wa chuma wenye meno, ukae ndani kabisa ya kona pale mdomo unapokutana na kapelo. Hapa ndipo nilipokosea mimi. Nilikuwa nauacha umepanda juu kidogo ya kona, yaani nusu sentimita tu, na ile nusu sentimita ndiyo iliyokuwa inadunda. Bana lachi. Kama imefunga kirahisi mno, fungua, kaza, rudia.

Halafu vuta pande mbili kwenda nyuma kwa nguvu sawa, ukizilaza kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje, ubane kwa zile klipu nyeusi za karatasi za stationari. Ukivuta kulia zaidi, mshono unahama. Baada ya hapo bonyeza mbele kwa kidole gumba. Ikirudi "pu" kama ngoma, sawa. Ikibonyea ikabaki, bado.

Nembo yenyewe isizidi kimo cha sentimita 5 hivi, na iache kama sentimita 1.5 kutoka kwenye mdomo, karibu zaidi ya hapo mashine inagonga. Mtengeneza faili mwambie ni la kapelo, asikupe la tisheti. La kapelo linaanza chini kwenda juu, na katikati kwenda pembeni, kwa sababu kila mshono unasukuma kitambaa mbele kidogo kama wimbi. Ukianzia kushoto, wimbi lote linakuja kujikusanya kwenye mshono wa katikati. Herufi zisipungue milimita 6. Sindano naweka 80/12 yenye ncha kali, mwendo mishono 500 mpaka 600 kwa dakika. Najua mashine yako inaweza 1,000.

Jambo la huku kwetu: umeme. Ukikatika kapelo ikiwa kwenye mashine, usiitoe. Mashine nyingi zinakumbuka zilipoishia. Ukiitoa kwenye fremu hutaweza kuirudisha palepale, hata uwe na jicho la mwewe.

Na kama una mashine ya fremu bapa tu, usiilazimishe kapelo ngumu. Darizi beji kwenye kitambaa, kata, ishone kwenye kapelo kwa mkono au uibandike kwa gundi ya kitambaa. Wateja wengi wanaipenda hivyo, na kapelo haiharibiki.

Zile saba nilizifanya nini? Nilimpigia mwenyekiti wao Alhamisi usiku nikamwambia ukweli. Alinyamaza, akasema, "Dada, sisi tuna shughuli Jumamosi." Ijumaa alfajiri nikapanda gari kwenda Mbeya, Mwanjelwa, bluu ile haipo. Zilikuwepo nyeusi tano, ngumu vilevile. Nikanunua, nikarudi kupitia Tukuyu mvua inanyesha, nikazifunga usiku nikiwa naogopa kila moja. Nikamwomba mwenyekiti viongozi wavae nyeusi ili watofautiane na wanachama. Akakubali, na mbili zilizopungua nilimrudishia pesa yake yote, 24,000, maana nilikuwa namuuzia 12,000 kila moja.

Tangu hapo, oda ya kapelo ngumu 40 naagiza 43, na hizo tatu nazipigia hesabu kwenye bei kabla sijamtajia mteja. Na ya kwanza naidarizi mbele ya simu, namtumia picha, nasubiri aseme "endelea" ndipo nafunga ya pili.