Mchicha Unauchuma Saa Ngapi?

Juzi nilituma mafungu 20 ya mchicha kutoka Kagoma kwenda Bukoba mjini, juu ya keria ya haisi. Mteja kaupokea umenyauka, hajalipa. Kosa langu, nilichuma saa sita mchana.

Iko hivi. Mmea unanyonya maji kwa mizizi, yanapanda kwenye vimirija vya shina, halafu karibu yote yanatokea kwenye vitundu vidogo vya majani yakiwa mvuke. Unabisha? Funga tawi la shambani kwenye mfuko unaoonyesha ndani, baada ya saa moja utaona matone. Ukishachuma, mizizi haipo ila majani yanaendelea kupoteza maji. Jua na upepo wa barabarani ndo vinamalizia kabisa.

Sasa nachuma alfajiri. Usiku vitundu vingi hufunga, kwa hiyo jani linakuwa limejaa. Nasimamisha mashina kwenye ndoo ya maji mpaka oda iondoke, kisha nafunika kwa majani ya mgomba, na mzigo unakaa ndani ya gari. Ila msiyaloweshe majani yenyewe mkayabana, yataoza njiani.