Damu Chache: Chembe Zipi, na kwa Nini?



Mjomba wangu ni mvuvi wa Chovai, katika visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayo. Alikuja kwetu Mombasa akiharisha, amekonda, akipanda ngazi anahema. Alikuwa ameshaambiwa damu yake ni chache, akameza vidonge vya madini ya chuma miezi mitatu. Damu haikupanda.

Kupimwa kwa kamera, akaonekana ana ugonjwa wa Crohn, unaovimbisha utumbo na kuutia vidonda. Nasoma udaktari, nikadhani jibu limepatikana. Mwalimu wangu akaniuliza: "Damu chache, chembe zipi, na kwa nini?"

Tuanze na chembe nyekundu. Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu hemoglobini ikiwa chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, na 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Vidonda vya utumbo huvujisha damu, na chuma hupotea nayo. Akiba ya chuma hupimwa kwa feritini. Kwa kawaida, chini ya 30 ni upungufu. Lakini mwili ukiwa na uvimbe feritini hupanda yenyewe, kwa hiyo hata 100 inaweza kuficha upungufu. Ya mjomba ilikuwa 64, ikasomwa kuwa nzuri! Tena utumbo uliovimba haufyonzi chuma vizuri. Huenda mgonjwa akahitaji cha mshipani.

Chembe nyekundu zikiwa kubwa kupita kiasi, pima vitamini B12 na foliki. B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, pale pale Crohn hupapenda.

Chembe nyeupe au za kugandisha damu zikishuka, tazama dawa. Azathiopirini inaweza kudhoofisha uboho. Anayeitumia akipata homa, apimwe damu siku hiyo hiyo.

Na kwetu pwani tusisahau malaria, selimundu na upungufu wa G6PD, ambao mwenye nao akipewa salfasalazini chembe zake zinaweza kupasuka.

Swali la mwisho nililiuliza mimi: "Mjomba, ulikuwa ukiona damu chooni?" Akainamisha kichwa. "Tangu mwaka juzi. Mambo ya chooni hayasemwi, mwanangu."

Ndugu zangu, dini yetu haikuona haya kutufundisha hata adabu za choo. Basi nasi tusione haya kuuliza, wala kusema.