Fundisho la Mwezi: Onesimo katika Njia ya Tabora

Masomo: Waraka kwa Filemoni, Yakobo 5:1–6, Katekisimo Ndogo, Amri ya Saba.



Waraka wa Mtume Paulo kwa Filemoni ni mfupi kuliko nyaraka zake zote, wala hausomwi mara nyingi kanisani. Lakini sisi tukaao Unyamwezi yatupasa kuusoma kwa bidii, kwa kuwa nchi yetu ilikuwa njia ya watumwa.

1. Habari za njia ile

Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea hata Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000. Iliyokwenda bara ilichukua nguo, shanga na bunduki. Iliyorudi pwani ilichukua pembe za ndovu, na pamoja nazo watu waliofungwa. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliochukua mizigo kwa ujira. Basi katika njia moja walitembea mwenye ujira na mwenye mnyororo, na watu wa vijijini waliwauzia wote chakula. Si wote waliokamata watumwa. Lakini wengi walipata faida katika biashara ile, wakanyamaza.

2. Rehema na haki

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Lakini kufunga soko si kumfungua mtumwa. Huku bara watu walizidi kuuzwa na kutumikishwa. Serikali ya Wajerumani nayo haikukomesha utumwa mara moja. Iliamuru kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Utumwa wenyewe ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, yaani miaka 49 baada ya soko lile kufungwa. Hesabuni ni watu wangapi waliozaliwa, wakazeeka na kufa utumwani katika miaka hiyo.

Wamisionari walikomboa watoto kwa mali, kama Mapadre Weupe wa Kipalapala, karibu na Tabora. Mmoja aliyekombolewa hivyo katika Afrika ya Kaskazini, Adrian Atiman, alifundishwa utabibu huko Malta, akaja Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889, akawatibu watu huko miaka mingi. Alifariki mwaka 1956. Tazameni hazina iliyokuwa ndani ya mtoto aliyeuzwa kama mbuzi!

Kumkomboa mmoja ni rehema, na rehema ni njema. Lakini muuzaji alipokea fedha, naye aliweza kwenda kutafuta mtoto mwingine. Rehema humwinua aliyeanguka. Haki huuliza ni nani amwangushaye, tena humzuia.

3. Paulo alifanya nini?

Kwanza, hakusema juu ya utumwa kwa maneno ya jumla tu. Alimwandikia bwana wa mtumwa mwenyewe kwa jina lake, na salamu zake zilikuwa pia kwa kanisa lililokutana nyumbani mwake. Neno hili halikuwa siri ya watu wawili.

Pili, hakuomba Onesimo ahurumiwe kidogo tu. Aliomba apokewe kama ndugu, tena kama vile Paulo mwenyewe angalivyopokewa.

Tatu, alisema kwamba kama Onesimo anadaiwa kitu, deni hilo liandikwe juu yake, Paulo. Alikubali kupata hasara kwa ajili ya mtu asiye na kitu.

4. Onesimo wetu

Mtu atasema, “Mnyororo umekwisha, fundisho hili latuhusu nini?” Ndugu, tazameni mashamba ya tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge. Kibarua hutoka mbali, hukaa shambani msimu mzima, na mara nyingi hungoja ujira wake mpaka tumbaku iuzwe. Siku ya hesabu ikiwa ataambiwa kwamba unga aliokula na dawa aliyokunywa vimemaliza fedha yake yote, huo ni wizi, hata kama umeandikwa vizuri katika daftari. Paulo aliliandika deni la mnyonge juu yake mwenyewe; sisi je, tutamwandikia mnyonge deni asilolijua?

Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mkristo asimpeleke mtoto wa mwenzake kuchuma majani ya tumbaku, hali wa kwake yuko shuleni.

Luther, akieleza Amri ya Saba, hakuishia kutukataza kuiba. Alitufundisha pia kumsaidia jirani ailinde na kuiongeza mali yake. Basi asiyemdhulumu kibarua amefanya nusu ya amri. Nusu ya pili ni kusimama pamoja naye siku ya hesabu. Wazee wa kanisa wanaweza kwenda kwa mwenye shamba, hata kama ni mtoaji mkubwa wa sadaka, na kusema naye kwa upole pasipo kuogopa. Mtume Yakobo atuonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake hufika kwa Bwana.

Maswali ya kuzungumza katika mikutano

1. Katika usharika wetu ni nani afanyaye kazi wala halipwi kwa wakati?
2. Kwa nini Paulo aliwasalimu na watu wa kanisa katika waraka huu?
3. Tuko tayari kupoteza nini ili Onesimo wetu apokewe kama ndugu?