Trekta Lililotumika: Tutazame Kabla ya Kulipa

Ndugu wanachama, wapo miongoni mwetu wanaotaka kununua trekta dogo lililokwisha tumika, lenye kijiko mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Ni chombo kizuri kwa mitaro, mashimo na mbolea. Lakini bei yake si gharama yake.

Mwaka 1947, katika mpango wa karanga wa Kongwa, Waingereza walileta matrekta yaliyotumika. Kabla ya mwaka kwisha, mengi yalilala kwa ubovu. Vipuri na mafundi havikutosha.

Mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, penye mifereji mingi, huweza kuletewa kipuri kwa barabara kutoka Iringa au Morogoro. Chetu sisi hungoja chombo cha baharini. Basi tuangalie:

1. Injini iwashwe ingali baridi. Iliyopashwa moto huficha ugonjwa.

2. Kijiko kiinuliwe na mzigo, injini izimwe. Kikishuka upesi, mafuta yanavuja. Mtu asisimame chini yake.

3. Mkono utikiswe; pini zilizolika hucheza.

4. Mkono ukifunguliwa, uzito mwingine ufungwe nyuma, trekta lisipinduke.

Tusitoe fedha zote kwa muuzaji. Tubakize za mipira ya mafuta, vichujio na matairi.